Zuru Machakos vuli ikishanyesha

SHULE zinapofungwa, jamaa nyingi za Nairobi huulizana watoto wapelekwe wapi. Machakos haiko mbali, ni kama kilomita 65 tu, na matatu hazikosi. Kazi ni kuchagua mwezi.

Wengi huchagua Agosti kwa kuwa hakuna mvua, tena wanaamini Ukambani kote ni jua kali. Lo! Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe, na asubuhi milima ya Iveti na Mua hujifunika ukungu. Anayelala huko bila sweta atatetemeka usiku kucha. Lakini teremka hadi Yatta au Masinga na utakuta joto na vumbi. Milimani kuna baridi na mvua zaidi, ndiyo maana kahawa humea Kangundo, ilhali nyanda za chini ni za mbuzi, mtama na ndengu.

Mvua za huko ni mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Machakos huitegemea zaidi vuli, kwani masika humhadaa mara nyingi. Basi, msomaji, nenda katikati ya Desemba hadi Januari. Mahindi yamesimama shambani, maembe yanaiva, na vilima vina rangi ya kijani kutoka chini hadi juu.

Waonyeshe watoto yale matuta yaliyopangwa kama ngazi. Miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa ukichukuliwa na maji kwa kiasi cha kutisha. Wenyeji, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, walichimba mitaro kwa jembe na kutupa udongo upande wa juu. Mtindo huo huitwa "fanya juu". Maji hukaa shambani, na udongo pia.

Likizo ya Aprili yataka hadhari. Maporomoko ya Fourteen Falls katika Mto Athi hupendeza yakijaa, lakini usiwaruhusu watoto kukaribia ukingo. Hata mto wa mchanga uliokauka si uwanja wa kuchezea. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika ghafla kule ambako hakujadondoka hata tone.

Jambo la mwisho ni la wenyeji wako. Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, ghala huwa limepungua na maji huchotwa mbali. Ukifika na watoto wanne mikono mitupu, utamwongezea shangazi mzigo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hivyo, kabla ya kufunga mizigo mpigie simu umuulize: huko imenyesha? Akisema vuli imekosa, usiahirishe safari. Nenda, ila ubebe unga, sukari na mafuta ya kutosha.