Si Kila Samaki Mzuri Ni Jirani Mwema

Asubuhi ya Jumapili moja mwezi wa Julai, niliamshwa na kilio cha binti yangu wa miaka minane. Nyumba yetu hapa Umoja ni ya vyumba viwili tu, kwa hivyo sikuwa na safari ndefu. Nilimkuta sebuleni amepiga magoti mbele ya tangi la samaki, amejifunika leso ya mama yake, machozi yakimdondoka.

"Baba, amekufa," aliniambia. "Yule mweusi amemuua."

Naam, ndani ya tangi lile samaki wake mdogo wa rangi ya chungwa alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mapezi yameraruka mithili ya kitambaa kikuukuu. Mwenzake alikuwa amejibana nyuma ya hita, hathubutu kutoka. Na katikati ya maji, samaki mweusi mwenye kidoa cheupe kwenye paji la uso na kingine kila ubavu alikuwa akizunguka kwa maringo kama jogoo aliyewafukuza majogoo wenzake wote uani.

Nilimbembeleza mtoto kadiri nilivyoweza, lakini moyoni niliujua ukweli. Muuaji hakuwa yule mweusi. Muuaji nilikuwa mimi, niliyewafungia pamoja viumbe wasiopatana, kisha nikaketi kitini kuwatazama nikidhani wanacheza.

Ahadi ni deni

Mambo yalianza na filamu. Binti yangu aliitazama Finding Nemo, ile ya mwaka 2003 kuhusu kisamaki cha rangi ya chungwa chenye mistari myeupe kilichonaswa na mpiga mbizi. Tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Alimtaka huyo wa chungwa, na alimtaka pia yule wa buluu anayeandamana na baba mtu kumtafuta mwanawe. Nami, kama wazazi wengi wenye midomo myepesi, nikamwahidi kwamba akipanda katika mtihani wa muhula angewapata. Akapanda.

Mama watoto alinionya mapema. "Baba watoto," alisema, "maji ya mfereji tunayapata kwa zamu, na wewe wataka kufuga bahari?"

Sikumsikiliza. Fundi wa vioo wa Kariobangi alinitengenezea tangi la urefu wa sentimita 90, upana wa 30 na kimo cha 40. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, lilichukua lita 90 hivi za maji. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na chumvi ya jikoni haifai kamwe, kwani samaki wanahitaji pia madini mengine yaliyomo baharini. Lazima ununue chumvi maalumu, na tangi langu lilimeza zaidi ya kilo tatu. Pesa hizo, mpenzi msomaji, nilikuwa nimeziweka kando kwa sare za shule.

Jumamosi moja nikaenda kwa muuzaji, nikanunua samaki wanne kwa mpigo. Wawili walikuwa wa chungwa, mmoja alikuwa yule mweusi, ambaye muuzaji alimsifu kuwa ni mgumu na hafi ovyo ovyo, na wa nne alikuwa kangaja wa buluu asiyepita urefu wa kidole. Walikuwa wamesafirishwa kilomita zipatazo 480 kutoka Mombasa ndani ya mifuko ya maji na oksijeni. Sikuuliza swali lolote ila la bei. Jioni ile ile wote wakaingia majini, na kabla ya juma kuisha tulikuwa na maiti.

Somo la mzee wa Shimoni

Katika ploti ya pili kutoka kwetu anaishi mzee mzaliwa wa Shimoni, kule pwani ya kusini. Ujanani alikuwa mpiga mbizi, akinasa samaki wa mapambo kwa vyavu vidogo ili wasafirishwe ng'ambo, biashara ambayo imewalisha watu wengi wa pwani yetu. Mke wangu ndiye aliyeniambia nikamwite. Mzee alikuja, akaketi, akatazama tangi kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Mwanangu," hatimaye alisema, "baharini samaki akifukuzwa hukimbia. Hapa atakimbilia wapi?"

Swali hilo moja lilinifunza zaidi ya yote niliyokuwa nimesoma. Ugomvi ambao kwenye mwamba wa bahari huisha kwa dakika moja, ndani ya tangi dogo huendelea usiku na mchana mpaka mmoja afe. Kwa hivyo anayefuga katika maji machache hana budi kuchagua wakazi wake kwa makini kuliko mwenye bwawa kubwa.

Kisha mzee akatuonyesha makosa yangu moja baada ya jingine, binti yangu akisikiliza kwa makini kuniliko.

Kosa la kwanza lilikuwa yule mweusi mwenye vidoa. Angali mdogo hupendeza, na kweli ni mgumu, ndiyo maana wanaoanza huuziwa sana. Lakini anapokua hujitwalia mtaa wake na kumshambulia kila anayepita. Mimi nilimpa tangi zima awe mtaa wake.

La pili lilikuwa kangaja. Huyo wa buluu aliyevuma kwa sababu ya filamu hufikia urefu wa sentimita 30 akiwa mzima, na ni samaki wa kuogelea masafa. Tangi la sentimita 90 kwake ni selo. Isitoshe, kangaja wana miiba mikali kama kijembe karibu na mkia, na wakibanwa huitumia. "Usimpime samaki kwa urefu wa leo," mzee alisema. "Mpime kwa urefu wa kesho."

La tatu lilikuwa haraka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza sumu hiyo kuwa kitu chenye madhara kidogo, lakini huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha katika tangi jipya. Mimi niliwatia samaki wanne siku moja katika maji machanga. Hata kama wangependana kama ndugu, wangeteseka.

Hapo binti yangu akadakia kwa sauti ndogo: "Lakini huyu wa chungwa si Nemo. Nemo ana mistari mitatu, na huyu ana mmoja tu mgongoni."

Mzee akacheka. Alimweleza kwamba samaki yule wa filamu haishi katika bahari yetu, bali yuko upande wa mashariki wa Bahari Hindi na katika Pasifiki ya magharibi. Sisi tuna binamu zake. Mmoja ndiye huyu wa mstari mweupe unaoanzia puani hadi mkiani, na mwingine ni mweusi-kahawia mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Wote huishi ndani ya minyiri yenye sumu ya anemoni, bila kudhurika. Alituonya hata hivyo tusinunue anemoni. Kiumbe huyo anahitaji mwanga mkali na maji yasiyobadilika, naye akifa huchafua tangi zima. Samaki mwenyewe anaweza kuishi bila anemoni.

Kuanza upya

Kangaja na yule mweusi niliwarudisha dukani nikakubali hasara. Akabaki yule mmoja wa chungwa, akijificha nyuma ya hita. Binti yangu alikuwa na swali moja tu kila jioni: je, huyu hatakufa kwa upweke? Mimi kwa upande wangu niliogopa kununua mwingine. Nilijua nikikosea tena, mtoto yule hataamini ahadi yangu nyingine kwa muda mrefu.

Tulisubiri miezi miwili. Tulimbadilishia maji kidogo kidogo kila wiki. Maji yaliyopungua kwa kukauka tuliyafidia kwa maji matamu, maana chumvi haipai na mvuke. Maji ya mfereji tuliyatia dawa ya kuondoa klorini kwanza. Na kwa kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hupenya mpaka mifupani, hita ilifanya kazi ya kuyaweka maji kwenye nyuzi 25. Kwa siku za kupotea stima tulinunua pampu ya hewa ya betri.

Ndipo tukamletea wa chungwa mwenzake, na tulimchagua aliye mdogo kwa umbo kumliko. Sababu yake inastaajabisha. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, kisha aliye mkubwa katika jozi hugeuka kuwa jike. Ukiweka wawili wanaolingana watapigana wajue nani mkubwa, na ukiongeza wa tatu atateswa. Kabla ya kumtia mgeni tuliyapanga mawe upya, ili hata mwenyeji ajione mgeni. Siku mbili walifukuzana kidogo, siku ya tatu wakalala kona moja.

Baada ya mwezi tuliongeza samaki mwembamba wa rangi mbili, mweupe mbele na mwekundu nyuma, pezi la mgongoni limesimama kama mlingoti. Ni mpole na mwoga kupindukia, akishtuka huruka nje ya maji, kwa hivyo tangi lazima lifunikwe. Wa mwisho alikuwa kisamaki cha mchangani ambacho huishi shimo moja na kamba mdogo wa baharini. Kamba haoni vizuri lakini ndiye mchimbaji, na samaki ndiye bawabu. Mke wangu akiwatazama hucheka na kusema hao ndio wapangaji wa kweli.

Wanne wale, mmoja anakaa juu, mwingine katikati, mwingine chini, na hakuna anayemtamani mwenzake kwa chakula. Hiyo ndiyo siri yote ninayoweza kukupa, msomaji. Kabla hujalipa, uliza atakuwa na ukubwa gani, anakula nini, anaishi sehemu gani ya maji, na anagombana na nani. Kikande atawala kamba wako na kuwauma wengine. Chewa mdogo atakuwa mkubwa, na kila kinachoingia kinywani mwake ni chakula. Baadhi ya samaki wa vipepeo hula matumbawe hai tu, na kwako watakufa njaa. Uliza pia ametoka wapi, kwa sababu katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hakuna ruhusa ya kunasa hata mmoja.

Mwezi uliopita nilipita tena dukani pamoja na binti yangu kununua chakula. Muuzaji alikuwa amepokea kitatange mchanga, buluu iliyoiva, amechorwa duara nyeupe ndani ya duara. Sijaona samaki mzuri kama yule. Nilisimama, mkono ukaanza kutafuta mfuko, nikasahau machozi ya Julai na sare za shule.

Binti yangu alimtazama kwa muda. Kisha akamgeukia muuzaji akamuuliza kwa adabu, "Mjomba, huyu akikua anafika wapi?"

Yule bwana alisita, kisha akatandaza mikono yake. Sentimita 40.

"Twende, Baba," akasema mtoto, akinivuta shati. "Kwetu hana pa kulala."