Kwani Lazima Uimbe Kile Walichokuzoea Nacho?

Kundini kwetu tunabishana sana kuhusu muziki, na siku hizi ubishi ni mmoja tu: albamu ya Justin Timberlake ya mwaka 2006, FutureSex/LoveSounds. Wengine wetu hatukuwa tumezaliwa ilipotoka. Imo kwenye simu tunayoazimana, kati ya Fally Ipupa, Diamond na nyimbo za kwaya. Maneno yake mengi ni ya watu wazima, hilo tunalijua, na mama zetu wasingefurahi. Lakini leo tunataka kuongelea kitu alichothubutu kufanya huyu jamaa, maana kinatugusa.

Kwa asiyemjua: Timberlake alianzia *NSYNC, kundi la wavulana watano lililoundwa Orlando, Marekani, mwaka 1995. Ni yale makundi ya kucheza kwa mpangilio mmoja na kuimba nyimbo tamu za kumbembeleza msichana. Walipendwa balaa. Albamu yao ya mwaka 2000, No Strings Attached, iliuza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani katika wiki ya kwanza tu. Shida ni kwamba watu wakishakuzoea hivyo, hawataki kukuona vingine. Unafika miaka 25 bado unaitwa yule mtoto wa *NSYNC.

Mwaka 2002 alitoa albamu yake mwenyewe, Justified, na ikafanya vizuri. Njia rahisi ilikuwa kurudia ile ile. Yeye akaenda Virginia, kwenye studio ya prodyuza Timbaland, wakakaa pamoja na prodyuza kijana anayeitwa Danja, wakaanza kujaribu vitu.

Wimbo wa kwanza kutoka ulikuwa SexyBack. Mali kubwa ya Timberlake ni sauti yake laini, sivyo? Basi akaichafua makusudi. Waliipitisha kwenye mashine mpaka ikakwaruza kama redio yenye betri zinazoisha. Ni kama mama anayesifiwa mtaa mzima kwa maandazi yake, halafu asubuhi moja unakuta meza ile ile ina kitu kingine kabisa. Wateja wangeweza kuondoka. Hawakuondoka. Wimbo ulikaa namba 1 Marekani kwa wiki 7.

Sikilizeni pia My Love. Kinanda cha umeme kinakatika-katika, Timbaland anapiga biti kwa mdomo, na juu yake inaelea ile sauti nyembamba tunayoijua. Halafu LoveStoned: unaanza ukiwa wa kucheza, unacheza kweli, kisha katikati unageuka. Magitaa yanaingia, mwendo unapoa, unajikuta ndani ya wimbo mwingine bila kujua mlango ulikuwa wapi. Unazidi dakika 7, wakati redio zinapenda nyimbo za dakika 3 au 4.

Na huu haukuwa muziki wa kusikilizwa na wataalamu wachache. Albamu iliingia namba 1 na kuuza nakala 684,000 wiki ya kwanza. Kumbe wasikilizaji walikuwa tayari kupokea kitu kigeni. Ni wengine tu ndio hudhani watu wa kawaida wanataka kupewa kile kile kila siku.

Hapo ndipo tunapojiona sisi. Sisi nasi tuna jina tulilozoeleka nalo. Mwaka mmoja, kwenye maandalizi ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, tulipeleka wimbo wa mapenzi wenye biti ya kuchezeka. Tuliambiwa kwa upole kabisa kwamba ni mzuri ila hauna ujumbe. Tukaombwa wimbo wa amani, au wa safari yetu, au wa usafi wa mazingira. Tukaimba wa amani. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, tukapewa soda. Lakini jioni, watoto wa majirani walikuwa wanauimba ule wa mapenzi, waliousikia tukiufanyia mazoezi.

Hatusemi nyimbo za amani ni mbaya. Tulikimbia vita, tunajua thamani yake. Tunachosema ni kwamba mtu aliyekimbia bado anapenda, anacheka, anataka kujaribu sauti ambayo haijawahi kutoka mdomoni mwake. Ukimruhusu kuimba maumivu peke yake, umemfungia kwenye kundi ambalo hakuomba kujiunga.

Sasa, tusimpambe Timberlake kupita kiasi. Alikuwa na pesa na jina. Albamu ingeanguka, bado angekula. Tena upya mwingi tunaousifu umetoka kwenye mikono ya maprodyuza Weusi na kwenye muziki wa Wamarekani Weusi, ingawa sura ya kwenye kasha ni ya kwake. Na mwaka 2004, baada ya lile tukio la jukwaani kwenye Super Bowl, lawama kubwa zilimwangukia Janet Jackson huku yeye akiendelea na safari. Aliomba radhi hadharani mwaka 2021, miaka 17 baadaye. Kwa hiyo hata ruhusa ya kubadilika haigawiwi sawa. Wengine wakijaribu wanaitwa wabunifu, wengine wakijaribu wanaambiwa hawana ujumbe.

Bado tunachukua somo moja: hakubadilika peke yake. Alipata chumba, muda, na watu waliomwambia jaribu tena. Dada na kaka zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, hilo ndilo ombi letu. Mkileta maiki, msije na mada mkononi kila mara. Tuachieni chumba saa mbili, funguo mtazikuta. Baadhi ya tutakayorekodi yatakuwa mabaya, tunawaambia mapema. Ndivyo watu wanavyojifunza.

Na ninyi wenzetu mlioko kambi nyingine na mijini: kama hakuna anayekuuliza ulitoka wapi wala ulipoteza nini, ungeimba nini? Turekodieni hata kwa simu, hata sauti ikikwaruza. Tutasikiliza.