Kilo Zilipogoma, Nilimshuku Mdogo Wangu

Nilipekua mkoba wa mdogo wangu wakati akioga. Ndani nilikuta karatasi ya karanga, ile ya kufunga kama pembe, imebaki na chumvi tu. Nikaitoa hadi sebuleni, nikaiweka mezani mbele ya shangazi yetu aliyekuja kututembelea, na mdogo wangu alipotoka nikamwambia, "Hiki hapa ndicho kinachozuia kilo zako kushuka." Mtu mzima yule, mwenye kazi yake na mtoto wake, alisimama mlangoni na kanga yake kifuani asiseme neno. Shangazi alitazama chini.

Radhi nimekwisha kuiomba nyumbani. Naandika kwa sababu kosa langu halikuishia nyumbani. Nililisema saluni, nikalisema kazini, nikalisema hata msibani tulipokuwa tukichambua mchele: kwamba mdogo wangu anasema yuko kwenye mlo wa kupunguza mwili, kumbe anakula kwa siri. Wote walionisikia siwezi kuwafuata mmoja mmoja.

Mama yetu alikufa kwa kisukari. Kabla ya hapo alikatwa mguu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kidonda. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia kwamba amepimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikawa 6.7, na kwamba kliniki wamemweleza bado si kisukari ila yuko njiani, sikulala. Walimshauri apunguze mwili na atembee kila siku. Alikuwa na kilo 90. Nilimwambia ahamie kwangu Tanga, yeye na mwanawe, nimsimamie mwenyewe. Aliniamini. Nalitaja hilo ili ieleweke kwamba hakuna aliyemlazimisha, wala mimi sikuanza kwa ubaya.

Tuliondoa sukari kwenye chai. Maandazi na chapati vikatoka nyumbani kabisa, wali ukawa wa Ijumaa tu, ugali ukawa wa dona, tena usiozidi ngumi yake. Mboga nyingi, samaki wa kuchoma. Alfajiri tulitembea upande wa Raskazone kabla jua halijawa kali, jioni akaruka kamba uani. Mwanzoni kilo zilishuka upesi mno, nami nikatamba kana kwamba mwili ulikuwa wangu. Majirani waliponiuliza tumefanyaje nilikuwa na majibu mengi.

Ambalo sikulijua, na sikumuuliza mtu wa kunieleza, ni kwamba kilo zile za mwanzo nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo, inayoitwa glaikojeni, hukaa pamoja na maji ya gramu 3 hivi. Mtu akipunguza ugali na sukari ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka, kila mtu anafurahi, na mafuta ya mwilini yamepungua kidogo tu. Kisha akiba hiyo inapofika chini, kinachobaki kushuka ni mafuta yenyewe, nayo huenda polepole: kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Mimi nilikuwa nimeshajizoesha kasi ya maji.

Kilo zikagota kwenye 83.

Nilimpandisha kwenye mizani kila asubuhi, nami nimesimama nyuma yake. Leo 83, kesho 83 na nusu, keshokutwa 83 tena. Mtu akila dagaa wa chumvi usiku, asubuhi ana maji zaidi. Mwanamke akikaribia siku zake, ana maji zaidi. Misuli iliyochoshwa na zoezi jipya nayo hushika maji inapojitengeneza, na huyu nilikuwa nimemwongezea kamba. Nusu kilo ya namna hiyo haina maana yoyote. Mimi niliisoma kama habari ya tabia yake. Ikipanda, nilimtazama usoni kuona kama atababaika.

Nikamwondolea chakula cha usiku. Kisha nikarefusha matembezi. Kilo zilipokaa palepale, nikasema hapana, hapa kuna jambo ninafichwa, ndipo nikaanza kuangalia mikono yake anaporudi kazini, kuhesabu ndizi zilizobaki kwenye sinia, na kumuuliza mwanawe, mtoto mdogo kabisa, kama mama amekula kitu njiani. Hilo la mtoto ndilo linaloniumiza kuliko karatasi ya karanga. Mtoto alijifunza kwangu kwamba mama yake anaweza kuchunguzwa.

Niliwahi kusoma habari ya utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti wa New York walichukua watu 10 waliokuwa wakilalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo sana. Watu wale waliandika kwamba wanakula kalori 1,028 kwa siku. Vipimo vilionyesha wanakula 2,081. Karibu mara mbili. Nilimsomea mdogo wangu habari hiyo nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Unaona?" nilimwambia. "Wote husema hivyohivyo." Sikuona kwamba hakuna mahali panapothibitisha kuwa watu wale walikuwa waongo. Mtu anaweza kukosea hesabu ya sahani yake kwa nia safi kabisa, hasa kama sahani imepakuliwa na mwingine.

Na za nyumbani kwangu nilizipakua mimi.

Hili alilifichua muuguzi wa kliniki, mama mmoja mtulivu, siku nilipomsindikiza mdogo wangu nikiwa nimejiandaa kumshitaki. Nilieleza yote: matembezi, kamba, ugali wa ngumi, na karatasi ya karanga. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha hakumgeukia mdogo wangu, alinigeukia mimi. Nani anapika? Mimi. Mboga unazipikaje? Nikamweleza: mchicha nakaanga kitunguu, natia nyanya, natia karanga za kusaga, namalizia na tui. Mafuta kiasi gani? Nikasema kidogo tu. Akaniomba nimwonyeshe kwa mkono. Nikainamisha mkono hewani namna ninavyoinamisha dumu juu ya sufuria, na nilipofika katikati ya kitendo hicho nikajua.

Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya mawese au ya mahindi. Kwa mtu wa uzito wa mdogo wangu hiyo ni kama kilomita 2 za kutembea. Mimi sikutumia kijiko, nilimimina. Juu yake karanga, ambazo gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na tui zito la kwanza, maana mchicha usio na tui mimi huuona mchicha wa mgonjwa. Nilipomwambia ajaze mboga nusu ya sahani, nilikuwa namrudishia kwa upawa kile nilichokuwa namwondolea kwa mwiko. Alikula alichopewa na kuandika alichoamini, nami nikamwita mwongo.

Muuguzi aliendelea kutueleza bila kunilaumu, na maelezo yake yalinizidi kuliko lawama. Mwili wa kilo 83 hauhitaji chakula kile kile ambacho mwili wa kilo 90 ulihitaji; ni mdogo zaidi, unabeba mzigo mwepesi zaidi kila hatua, na unapoona chakula kimepungua hujibana hata kidogo zaidi ya hapo. Ndiyo maana mlo uliokuwa ukimpunguza mwanzoni ulifika mahali ukamtosha. Kusimama kwa kilo kwa muda ni jambo analoliona kliniki kila wiki. Kuhusu matembezi niliyoyarefusha, baadaye nilisoma jambo lililonishangaza kwa sababu linahusu nchi yetu. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaowinda na kuchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanayotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Inaelekea mwili ukitumia zaidi huku, hubana matumizi kule. Mdogo wangu alikuwa ameniambia hivyo kwa maneno yake: tangu nirefushe njia, mchana kutwa kazini hataki kuinuka kitini. Nilimwita mvivu.

Kutembea kunabaki kuwa dawa, na sitaki msomaji aache. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu hata kama mizani haisogei. Kosa langu lilikuwa kukufanya kuwe adhabu.

Na zile karanga? Alizinunua. Alinieleza mwenyewe, baadaye sana, kwamba ilikuwa ni siku ya kazi ndefu, jana yake hakula usiku kwa amri yangu, na alipopita kwa muuza karanga miguu ilikuwa ikimtetemeka. Alikula zote akiwa amesimama, akaificha karatasi kwa sababu aliniogopa. Tangu nimwondolee chakula cha usiku alikuwa akifikiria chakula kila saa, hata akiswali. Hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys huko Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wenye afya na akili timamu, kwa miezi kama sita. Walifika mahali pa kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Hawakuwa na tabia mbaya. Walikuwa na njaa. Njaa ya mdogo wangu niliitengeneza jikoni kwangu, halafu nikaikamata mkobani mwake.

Siku ile kliniki walimpima sukari tena. Ilikuwa 5.8.

Muuguzi alitueleza kuhusu utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye hali kama ya mdogo wangu. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Mdogo wangu alikuwa ameshapunguza 7. Wakati nikihesabu ndizi na kumhoji mtoto, yeye alikuwa ameshafika mahali pale tulipomwombea afike. Nilichokiita kugoma kilikuwa mafanikio yake, nami nilikuwa nimeyatia doa mbele ya shangazi, mbele ya mwanawe na mbele ya nusu ya mtaa.

Nafikiri sana kwa nini sikuliona. Nadhani ni kwa sababu ya mama. Mama alipoumwa hakuna tulichofanya kikasaidia, na nilipopata nafasi ya pili nilitaka namba iliyokuwa ikitii. Ilipoacha kutii nilihitaji mtu wa kulaumu, na aliyekuwepo ni yeye. Maelezo haya hayanipunguzii kosa. Mwenye hofu anaweza kuhofu bila kufungua mkoba wa mwenzake.

Nilimwomba radhi mbele ya shangazi yule yule, nikamwomba pia mwanawe, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa: kwamba mama yako hakukosa, mimi ndiye niliyekosa. Mdogo wangu alinisikiliza. Alisema, "Nimekusikia, dada." Hakusema amenisamehe, na sikumwomba alitamke hilo upesi kwa ajili ya raha yangu.

Mwezi uliofuata alipanga chumba chake Ngamiani. Anapika mwenyewe, mafuta anayapima kwa kijiko, chakula cha usiku anakula, alfajiri anatembea na wanawake wenzake wa mtaani. Kliniki anakwenda kila baada ya miezi mitatu, na anayemsindikiza ni shangazi. Uzito wake wa sasa siujui.