Mausi ya Begini na Dogo wa Tabata

Mimi niko Durban, mtaa wa Cato Manor, ambao wenyeji wa siku nyingi wanauita Mkhumbane, chini tu ya kilima chenye kampasi ya Howard College. Safari hii siandiki habari za viza wala za kubeba boksi. Nataka tuongee juu ya mausi, ile ndogo isiyo na waya ya kutupia kwenye begi, na kama inafaa kuchezea gemu. Najua Kiswahili sanifu ni kipanya, lakini sisi tuliokulia Dar tukisikia vipanya tunakumbuka zile Hiace zikigombea abiria, kwa hiyo niachieni mausi yangu.

Washkaji wa maabara wananicheka. Wao wana mausi kubwa zenye mataa kama ukumbi wa disko, halafu mimi, mhandisi mzima wa miaka thelathini, nacheza Counter-Strike kwa kitu kile kile ninachochorea michoro mchana, kinachokula betri moja ya AA. Eti hiyo ni ya Excel! Haya, tupige hesabu, si ndiyo kazi tuliyosomea?

Mausi ya kawaida ya namna hii huipa kompyuta taarifa kama mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Nyingi za gemu hutoa mara 1,000, yaani kila milisekunde 1. Tofauti haizidi milisekunde 7, tena hapo uwe na bahati mbaya. Skrini ya laptop yangu inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha inakaa karibu milisekunde 17. Kuchelewa kote huko hakujazi hata picha moja! Mchezaji wa kulipwa labda atakuhisi. Mimi wa saa nne usiku, nimeshiba phuthu, ule ugali wao wa chengachenga, sihisi kitu.

Kinachoua ni redio. Mausi hizi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambamo Bluetooth na Wi-Fi nyingi nazo zinabanana, na nyumba ninayopanga ina vyumba sita. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: tundu za USB 3 zenyewe hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo, hasa ukichomeka diski ya nje. Ukiweka kipokezi cha mausi jirani yake, mshale unayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Dawa ni kukihamishia upande wa pili, au kutafuta kipande cha waya wa USB cha kama futi moja, kipokezi kikae karibu na mkono. Betri nayo, chukua ya lithiamu, ina gramu 15 hivi badala ya 23 za alkalini, na mkono unajua. Meza ya kutosha sina, natumia mgongo wa kitabu chenye jalada gumu (kioo usijaribu). Na usiiache muda mrefu bila kuigusa, husinzia ili kuokoa betri, ukiamka nayo umeshapigwa risasi.

Sasa yote haya ya nini? Ninayecheza naye ni mdogo wangu, yuko Tabata, ana miaka 20. Tangu mzee atutoke mwaka 2021, huyu bwana kwenye simu haongei. "Shikamoo kaka." Marahaba, vipi huko? "Poa." Mama? "Yupo." Basi, kimya, unasikia feni tu. Lakini kwenye gemu, akishauawa, inabidi asubiri raundi iishe, na hapo ndipo anapofunguka, labda kwa vile hakuna anayemtazama usoni. Mwaka jana, katika kusubiri huko, akasema hajaingia darasani wiki tatu kwa ajili ya ada, na mama hajui. Alilisema kama anataja matokeo ya Simba. Nikamuuliza ni kiasi gani. Akataja. Halafu: "Braza, kushoto, kushoto!" Maana mimi nilikuwa bado hai. Ada tulichangishana na dada, hilo lilikwisha.

Seva tunayotumia iko Johannesburg. Ili risasi ya dogo ifike, taarifa zake hupita chini ya bahari kutoka Dar hadi Mtunzini, kaskazini ya Durban, zinakotua nyaya za SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya 2010. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme njia ni kilomita 3,000: milisekunde 15 kwenda na 15 kurudi, hapo hujahesabu vituo vya njiani wala safari ya kupanda Johannesburg. Kwake namba inasoma sitini na ushee usiku mzuri. Kwa hiyo hata ninunue mausi ya bei ya kodi yangu ya mwezi, anayecheleweshwa ni yeye, na bado ananifunga.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilikatika upande wa huku, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuvizia. Siku kadhaa hatukucheza. Siku ya tatu nikampigia simu ya kawaida. "Shikamoo kaka." Marahaba. "Poa." "Yupo." Kimya, feni. Nikawa nataka kukata, akaniuliza kama bado natumia ile mausi ya begini. Nikamwambia ndiyo.

"Basi nunua betri mapema, kaka. Wakiunga tu, tunaingia."