Samaki wa Ndani ya Kioo

Msomaji, ng'ombe akiugua hukataa majani, kuku huangusha mbawa, na mtoto hulia. Samaki hana sauti wala machozi. Ugonjwa wake hutangazwa na ngozi yake, na mtu asiyejizoeza kuitazama ngozi hiyo hupata habari wakati wa kuokoa umekwisha kupita. Napenda kukueleza ugonjwa mmoja wa samaki wa maji ya chumvi wafugwao majumbani, kwa sababu katika kuuchunguza nilipata somo liwafaalo hata wale wasiofuga samaki kabisa.

Mjomba wangu, mkaazi wa Kilifi, alikuwa mvuvi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alipozeeka hakuweza kuachana na bahari, akaileta kidogo nyumbani katika tangi la kioo. Kufuga huko si jambo geni kwetu, maana samaki wa mapambo hukamatwa hai katika miamba ya pwani ya Kenya, wakasafirishwa kwa ndege hata nchi za ng'ambo. Miongoni mwa samaki wa mjomba alikuwamo kangaja mmoja wa buluu, mwenye mkia wa manjano na mwiba mkali kama wembe penye shina la mkia. Yeye ndiye aliyekuwa uzuri wa tangi lile.

Katika mwaka wa pili wa kufugwa kwake, uso wa kangaja yule ulianza kuharibika. Kwanza vilitokea vishimo vidogo karibu na macho, mfano wa matundu ya sindano. Kisha rangi ikapauka kandokando ya vishimo. Baada ya majuma kadhaa vishimo viliungana vikawa mabaka, na mabaka yakashika njia ya ubavuni kuelekea mkiani. Njia hiyo haikuwa ya bahati tu. Samaki anao mstari wa vitundu vya hisia, utokao kichwani ukapita ubavuni, na kwa mstari huo hutambua mtikisiko na mwendo wa maji. Ugonjwa huu hula ngozi ya kichwa na ya mstari huo. Huwapata zaidi kangaja na kitatange, nao huenda polepole, kama kutu katika chuma.

Muuza samaki mmoja alipomwona mgonjwa alishauri atolewe upesi, asije akawaambukiza wenziwe. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, hukumu ya kifo haitolewi kabla ya ushahidi. Tutazame kwanza." Maneno hayo yalinikaa moyoni.

Tukatazama. Yako maradhi mengine ya samaki wa bahari, yaletwayo na kimelea, ambayo huambukiza upesi na kuua. Alama yake ni chembe nyeupe mwilini mithili ya chumvi iliyonyunyizwa, naye mgonjwa huhema kwa haraka na kujisugua mawe. Kangaja wetu hakuwa na chembe hata moja. Alikuwa na vishimo: ngozi ilipungua, wala hapakuwa na kitu kilichoongezeka juu yake. Alikula vizuri, alihema kwa utulivu, na wote waliokaa naye walikuwa wazima. Basi kumtupa kungekuwa dhuluma, na kumtia dawa ya shaba, ambayo kazi yake ni kuua vimelea, kungekuwa kumpa sumu bila sababu.

Chanzo cha ugonjwa huu kimebishaniwa kwa muda mrefu. Wako walioshuku chakula kilichopungukiwa na vitamini, hasa vitamini C. Wengine walishuku maji machafu, hofu na msongamano. Na wengine hata umeme uvujao kutoka katika pampu. Kila mmoja alikuwa na mfano wa kuonyesha, lakini mfano mmoja si ushahidi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio juu ya kangaja wa bahari ya Atlantiki. Watafiti waliwaweka samaki wa aina moja katika hali moja, wakatofautisha jambo moja tu, nalo ni makaa ya kuchujia maji. Wale ambao maji yao yalipitishwa katika makaa ya lignaiti, ambayo asili yake ni makaa ya mawe laini ya rangi ya kahawia, walipatwa na vishimo. Wale waliokaa bila makaa walisalimika.

Zingatia jambo hili, msomaji. Makaa hutiwa katika chujio ili maji yang'ae na harufu iondoke. Mfugaji huyatia kwa wema, na anapoona samaki wake anaharibika huongeza mengine, akidhani uchafu ndio adui. Hivyo huzidisha madhara kwa mkono uleule unaotaka kuyaponya.

Sisi tuliutoa mfuko wa makaa siku ileile. Kangaja wa buluu porini hula vijidudu vya majini na mimea ya baharini. Kwa hiyo mjomba alimfungia mwani penye jiwe kila asubuhi, na chakula chake kingine tulikitonesha matone ya vitamini. Kila juma tulibadilisha sehemu moja katika kumi ya maji, tukiangalia kwamba maji mapya yana chumvi sawa na ya bahari, yaani gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji. Samaki mmoja mgomvi tulimhamisha, ili mgonjwa apate raha.

Mwezi wa kwanza hapakuonekana faida ila moja: vishimo havikuongezeka. Mwezi wa tatu buluu ilianza kurudi pembezoni mwa mabaka. Baada ya miezi sita kilibaki kovu jembamba chini ya jicho. Sithubutu kusema ni lipi kati ya mambo yale lililomponya, kwa kuwa tuliyafanya yote pamoja. Mtafiti hubadili jambo moja ili ajue. Tabibu hubadili mengi ili mgonjwa apone. Kazi zote mbili zina heshima, lakini mtu asijidai kufanya ile ya kwanza hali alifanya ya pili.

Samaki wa baharini akichukizwa na maji ya mahali huondoka akatafuta mengine. Samaki wa kioo hana pa kwenda. Aliyemtoa baharini amejitwika deni la kumpa maji mema, chakula cha asili yake na nafasi ya kuogelea, na asiyeweza kulilipa deni hilo ni afadhali asimnunue. Ikiwa wewe utapata kumfuga kiumbe kama huyu, mtazame uso kila siku kabla ya kumlisha. Ukiona tundu dogo karibu na jicho, usilidharau, wala usikimbilie dawa. Anza kwa kujiuliza kuna nini ndani ya maji yake ambacho wewe mwenyewe ulikitia.