Asante ya punda

Ukitoka kisiwani Mombasa, uvuke daraja la Nyali na kuifuata barabara ya kwenda Malindi, utapita Kongowea na Bombolulu kabla ya kuipa bahari kisogo na kuingia Kiembeni. Hapa si mahali pa watalii. Ni mtaa wa watu wa kazi, wenye nyumba za kupanga, maduka, misikiti na makanisa, na tuktuk zinazopishana na watoto wa shule tangu alfajiri. Lakini ukifika siku ambayo mifereji imekauka, utamwona mfanyakazi mmoja ambaye asipokuja, chai haipikwi. Naye ni punda.

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Marere, Baricho na Tiwi. Yanapokatika, mkokoteni wa punda ndio unaoyafikisha mlangoni. Mtungi mmoja wa lita 20 una maji ya kilo 20. Pakia mitungi 15, tayari ni kilo 300, nawe hujahesabu mkokoteni wenyewe wala kijana aliyeketi juu yake.

Sote twaijua methali isemayo asante ya punda ni mateke. Mimi nami niliiamini, hadi asubuhi moja nilipokuwa nikinunua maji hapo Kiembeni na punda akamrushia teke kijana aliyekuwa akimfunga. Watu tukacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake hakucheka. Alisogea, akainua gunia lililokuwa mgongoni mwa mnyama yule, na chini yake tukaona kidonda kibichi, upana wa kiganja.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "wewe ungefungwa hapo, usingepiga teke?"

Kijana akajitetea kwamba alikuwa ameongeza gunia la pili ili punda asiumie. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tandiko lisilomkaa mnyama vizuri haliponywi kwa kuongezwa unene. Ni kama kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana.

Basi tandiko jema ni lipi? Kanuni ya kwanza ni moja kwa farasi wa mashindano kule Ngong na kwa punda wa Kiembeni: uti wa mgongo haubebi kitu. Uzito wapaswa kulala pande mbili, juu ya nyama na mbavu, na katikati ibaki nafasi ya hewa kupita. Tandiko likigusa mfupa, damu haipiti vizuri pale palipobanwa; ngozi hufa, kisha hupasuka. Ukiona nywele nyeupe zimeota mahali pamoja mgongoni, jua hapo paliwahi kuumizwa na tandiko.

Kanuni ya pili ni kwamba punda si farasi mdogo. Farasi ana mwinuko pale shingo inapokutana na mgongo, nao husaidia kulizuia tandiko. Mgongo wa punda ni tambarare zaidi, kwa hiyo tandiko huteleza mbele hadi mabegani. Wala hana nundu kama ng'ombe, ndiyo maana nira ya ng'ombe ikiwekwa shingoni mwake humchuna tu.

Punda wa mkokoteni anahitaji mkanda mpana wa kifuani wa kuvutia, usiomkaba koo, na tandiko dogo lenye mito miwili ya kushikilia miti ya mkokoteni. Anahitaji pia mkanda wa nyuma ya mapaja. Bila huo, kila akisimama au akiteremka, mkokoteni mzima humgonga kwa nyuma. Kamba ya nailoni hukata ngozi kama kisu. Bora mikanda ya kitambaa kizito, tena ifuliwe, kwa maana chumvi ya jasho iliyokauka hukwaruza.

Hata upakiaji una hesabu yake. Mitungi ikirundikwa mbele, miti humkandamiza mgongo. Ikirundikwa nyuma, miti huinuka na mshipi humbana tumbo. Mzigo na ulale juu ya ekseli.

Wenzetu wa Lamu, ambako punda hubeba mawe, mchanga na watu katika vichochoro visivyopitika kwa gari, wana hospitali ya punda tangu 1987, iliyoanzishwa na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza. Lakini si lazima uwe Lamu ili umsaidie mnyama. Baada ya kazi, vua tandiko utazame jasho. Likiwa limeenea sawasawa, vyema. Ukiona doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, hapo ndipo panapobanwa. Kisha pitisha kiganja taratibu; akishtuka au akilaza masikio nyuma, amekujibu. Mwenye kidonda apumzishwe hadi apone, kwani hakuna dawa itakayoshinda kamba inayokirudia kidonda kila asubuhi.

Huenda ukasema hayo ni ya mwenye punda, wewe yakuhusu nini? Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumbebesha mnyama kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa na jeraha. Tena punda wamepungua. Sensa ya 2009 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2, baada ya machinjio kufunguliwa kwa ajili ya ngozi zilizouzwa China. Ndiyo maana Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kwa kijana wa maji, punda mmoja akilemaa ni karo na chakula cha nyumba nzima kilicholala chini.

Kwa hiyo, msomaji, mkokoteni utakaposimama mlangoni pako, usikague usafi wa mitungi peke yake. Mtume mwanao achungulie chini ya gunia, na ukiona kidonda, mwambie mwenyewe kwa upole. Kijana yule wa Kiembeni nilimwona tena majuma machache baadaye. Alikuwa akivuta mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe, mitungi 6 tu. Nilipomuuliza punda yuko wapi, alifuta jasho akasema, "Nimempa likizo."