Mizani ya Baada ya Harusi

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho jikoni saa kumi na mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku na koti bado liko mwilini. Unasema wiki saba ulikuwa ukitoka baada ya swala ya alfajiri, ukitembea mpaka Shelly Beach na kurudi, na kilo nne zilikuwa zimeondoka. Ikaja harusi ya Mtongwe, siku tatu za pilau na biriani, na Jumatatu ulipopanda mizani ya zahanati ukakuta kilo mbili zimerudi. Viatu ukavisukuma chini ya kitanda. Halafu ukasema, "Mimi ni mroho tu, dada, sitaweza." Neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na hizo kilo mbili, maana zimekusingizia. Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta, lazima ule takriban kalori 7,700 juu ya zile unazotumia. Kilo mbili ni zaidi ya kalori 15,000. Mwanamke kama wewe hutumia karibu 2,000 kwa siku. Kwa hiyo katika siku tatu za harusi ungehitaji kula chakula chako cha kawaida, kisha uongeze chakula cha wiki nzima juu yake. Hukula hivyo, na hakuna aliyekula hivyo. Kilichopanda kwa sehemu kubwa ni maji. Wali na viazi, mwili ukivipata kwa wingi, huvigeuza akiba ya sukari ndani ya ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Chumvi ya mchuzi nayo hushika yake. Ukirudi kwenye chakula chako cha siku zote, baada ya siku chache maji hayo huenda zake bila kuaga. Wewe ulipima maji ukajihukumu tabia.

Naijua hukumu hiyo, kwa sababu nilijihukumu vivyo hivyo kwa miaka. Nilipofika hapa nilikuwa na kilo 62. Baada ya miaka miwili nilikuwa na 84, na daktari akaniambia sukari yangu imeanza kupanda. Akanieleza kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika hatari ya kisukari huanza mapema, hivyo miongozo ya hapa inatutahadharisha kwenye uzito mdogo kuliko ule wa wazungu. Nilirudi nyumbani nikalia. Nilijiona nimekuja ughaibuni kula.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kilichonipata. Kumbuka siku zangu za hapo nyumbani, Likoni. Kutoka nyumbani mpaka feri kwa miguu. Kuteremka ule mteremko katikati ya watu, kusimama, kuvuka, kisha kuupanda mwinuko wa upande wa kisiwani na kuendelea mpaka Mwembe Tayari, kwa sababu nauli ya matatu niliiweka. Jioni, njia ile ile. Feri yenyewe kwa mtembea kwa miguu ni bure, lakini miguu ndiyo iliyolipa, mara mbili kila siku, miaka tisa. Sikuwahi kuyaita mazoezi. Nilikula mahamri matatu na mbaazi asubuhi na nguo zangu hazikubadilika.

Hapa nafanya kazi katika nyumba ya wazee, usiku. Basi linanichukua karibu na mlango na kunishusha karibu na mlango. Ndani kuna lifti. Saa nane usiku, wazee wakiwa wamelala na mwili wako unadai usingizi, mkono huenda kwenye biskuti wenyewe. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na mimi naamka saa tisa, basi kuna siku nilizoliona jua kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Uroho wangu ulikuwa ule ule wa Likoni. Kilichobadilika ni siku yenyewe.

Na usidhani chakula cha nyumbani hakipo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wakaja kwa maelfu, na mji ukasimama juu ya maduka yao. Walikuja na vyakula vya kwetu. Muhogo wa kukaanga unauzwa hapa kwa jina la "mogo", umetiwa pilipili na ndimu kama ule wa pale kwenye lango la feri, na kuku wa kupaka yumo katika orodha za mikahawa. Mara ya kwanza kuuonja muhogo huo nilisimama barabarani nikafumba macho. Mimi siwezi kujinyima kitu kile, na wewe sikuambii ujinyime.

Yaliyonipata mimi kwa kuhama, wengine yamewafuata hapo hapo walipo. Mama alikuwa akitoka Timbwani kwa miguu hadi feri na kapu kichwani. Leo bodaboda iko mlangoni na tuktuk iko kwenye kona, na nani amlaumu mtu aliyechoka akipanda? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha karibu wanawake 4 katika kila 10 wa Kenya wamezidi uzito unaofaa, na wanaume hawafiki 2. Sidhani wanawake wa Kenya waliingiwa na uroho wote kwa pamoja.

Ndiyo maana nilipoanza upya sikuanza na hasira juu ya tumbo langu. Niliitazama siku yangu nikatafuta mahali pa kurudishia ule mteremko wa feri. Nikawa nashuka kwenye basi vituo vitatu kabla. Chai ya usiku nikaihamishia ghorofa ya juu, biskuti zikabaki chini. Jumamosi saa tatu asubuhi naenda Victoria Park, ambako watu hukusanyika kukimbia au kutembea kilomita tano bila malipo. Mtindo huu ulianza Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, na watu 13 tu. Leo uko katika nchi nyingi. Jambo lililonishika ni hili: kila Jumamosi mtu mmoja wa kujitolea hupewa kazi ya kutembea nyuma ya wote, ili mgeni yeyote asiwe wa mwisho. Siku yangu ya kwanza nilitembea naye njia nzima. Hakuniharakisha hata mara moja.

Kilo 14 zilitoka katika muda wa miezi kumi na sita. Nakutajia muda huo makusudi. Ndani yake mlikuwa na Ramadhani ambayo kaimati na sambusa zilinirudisha nyuma, goti lililovimba likanilaza wiki tano, na msimu mmoja wa baridi ambao sikuiona bustani kabisa. Kila mara niliporudi, nilirudi nilipoachia. Miguu ilikuwa bado inakumbuka, na sukari ilikuwa haijapanda tena hadi pale ilipokuwa mwanzo.

Kurudi nyuma kulikoniuma kuliko kote hakukutoka kwenye sahani. Kulitoka hapo nyumbani, na sijawahi kukwambia. Nilipokuja likizo, nimefurahi na dera langu jipya, shangazi alinishika mkono akasema, "Mbona umekwisha hivi, mwanangu? Una nini?" Jirani akauliza kwa sauti ya chini kama nimepimwa. Mama hakusema neno, lakini kila jioni sahani yangu ilikuja na kilima cha wali, na jicho lake halikutoka pale mpaka nimalize. Sikumlaumu. Kwetu mtu aliyenawiri ni mtu aliyetunzwa, na tumezika watu wengi waliokonda mbele ya macho yetu. Wali ule ulikuwa dua. Niliula wote, siku ishirini na moja, nikarudi Leicester na kilo tano.

Laiti ningezungumza naye mapema. Wewe bado uko naye, basi zungumza. Mpeleke zahanati, daktari amweleze yeye mwenyewe habari ya uzito na sukari. Mwambie pia kwamba hapa Uingereza madaktari wa Newcastle na Glasgow waliwachukua watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao walisaidiwa kupunguza uzito kwa chakula kidogo sana chini ya usimamizi, na matokeo ya mwaka wa kwanza, yaliyotangazwa 2017, yalionyesha karibu nusu ya waliosaidiwa sukari yao imerudi chini bila dawa. Usijaribu chakula chao peke yako. Nakutajia ili mama ajue kwamba kukonda kwako ni njia ya kukaa naye zaidi.

Na yeye ndiye mpishi, msaada wake unauhitaji kuliko wangu. Mwombe apikie tui jepesi, lile zito aliweke kwa siku ya wageni. Mbaazi usiziache, zinashibisha. Hamri ndilo la kuhesabu, na nadhani moja linatosha. Viazi karai vya pale stendi sikukatazi, ila vinunue ukienda kwa miguu.

Barua hii ikikufikia, usiingoje Jumatatu. Toa viatu chini ya kitanda jioni hiyo hiyo. Kama Shelly Beach ni mbali kwa siku ya kwanza, teremka tu mpaka feri na kurudi. Sasa ni majira ya joto hapa: Jumamosi mimi nikianza saa tatu, huko ni saa tano na jua kali, basi wewe utakuwa umeshatembea zamani. Ukifika pale lango la feri simama kidogo, uirekodi honi yake unitumie. Nataka niitie masikioni nikiwa bustanini, katika ile kilomita ya nne inayonisumbua.

Nisalimie mama na shangazi.

Dada yako